Askofu na Kitabu cha Hesabu

Kama uliwahi kukaa darasani ukipiga hesabu ya tangi lenye mabomba mawili, moja linajaza kwa saa tatu na lingine linatoa maji kwa saa tano, ukajiuliza ni fundi gani huyo asiyefunga bomba la pili, basi wewe ni mjukuu wa vitabu ninavyotaka kuvizungumzia. Hesabu za namna hiyo hazikuzaliwa Kenya. Zilikuja zikiwa zimepikwa tayari kutoka vitabu vya shule vya Uingereza vya karne ya 19: mabomba, vibarua wanaochimba mtaro, mfanyabiashara anayechanganya chai ya bei mbili, riba, faida, hasara. Huku majina tu ndiyo yaliyobadilishwa. John akawa Wafula, pauni ikawa shilingi, chai ikabaki chai.

Mmoja wa waandishi waliouza sana vitabu hivyo aliitwa John William Colenso. Hapa Kakamega ukilitaja jina hilo utaangaliwa tu. Lakini ukipita duka lolote la vitabu mjini mwezi wa Januari, wazazi wakiwa foleni na orodha mkononi, utaona jina la Longhorn kwenye majalada. Longhorn ilianza kama Longman Kenya mwaka 1965, kabla Wakenya hawajainunua miaka ya 1990. Na Longman hiyo ndiyo nyumba ya London iliyonunua haki za kitabu cha Colenso cha hesabu. Ukoo ni mmoja, ni vile tu hatujatambulishwa.

Mimi nilimjua Colenso kwa njia ya kando, nikitafuta habari za wamisionari, na kilichonishika si vitabu vyake vya shule peke yake. Ni kwamba mtu huyo alichukua kanuni alizowafundisha watoto wa Kiingereza, akazipeleka mahali ambapo hakuna aliyetaka zifike, na aliyemsukuma huko alikuwa Mwafrika aliyeuliza swali.

Colenso alizaliwa mwaka 1814 huko Cornwall, eneo la machimbo ya bati. Biashara ya baba yake ya machimbo ilianguka, na kijana akalazimika kufundisha shule ili ajipatie riziki. Aliingia St John's College, Cambridge, kama mwanafunzi wa kusaidiwa karo, na mwaka 1836 akashika nafasi ya pili katika mtihani wa hisabati wa chuo hicho. Nafasi ya pili Cambridge wakati ule haikuwa mchezo. Matokeo yale yalifuatiliwa na magazeti kama sisi tunavyosubiri matokeo ya KCSE. Akaenda kufundisha hisabati katika shule ya Harrow, lakini nyumba aliyokuwa akiwalea wanafunzi ikaungua, naye akabaki na deni kubwa.

Deni ndilo lililomfanya mwandishi. Alirudi Cambridge na kukaa chini kuandika: kitabu cha aljebra mwaka 1841, kisha cha hesabu mwaka 1843. Hivi viwili vilienea shule nyingi za Uingereza, halafu vikafuata bendera hadi makoloni. Haki za kile cha hesabu aliwauzia Longman kwa pauni 2,400, pesa nyingi sana za wakati ule, akapumua.

Usidhani vilikuwa vitabu vya kuvutia. Hakuna picha, hakuna hadithi. Kanuni inatolewa, mfano mmoja au miwili, kisha maswali mengi mno mpaka mkono uume. Badilisha pauni kuwa shilingi na shilingi kuwa peni; kumbuka peni 12 kwa shilingi na shilingi 20 kwa pauni, hivyo makosa yalikuwa rahisi kupatikana. (Tushukuru kwamba shilingi yetu ilipewa senti 100.) Vilitengeneza makarani wa dola iliyokuwa ikikua. Ila ndani ya ukavu ule kulikuwa na fundisho moja ambalo halikuandikwa kwa wino: jibu haliwi sahihi kwa sababu mwalimu amelisema. Linakuwa sahihi kwa sababu limetoka. Ukiligeuza na kulirudisha nyuma, lazima likupeleke pale ulipoanzia.

Mwaka 1853 mwandishi huyu akafanywa askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Natal, kusini mwa Afrika. Alijenga makao yake karibu na Pietermaritzburg, mahali palipoitwa Ekukhanyeni, yaani penye mwanga. Alijifunza Kizulu kwa bidii ileile ya hesabu, akaandika sarufi, akatoa kamusi mwaka 1861, na kutafsiri sehemu kubwa ya Biblia. Hata kuhusu wake wengi alikuwa tofauti na wenzake. Mwanamume mwenye wake watatu akitaka kubatizwa, wamisionari wengi walimwambia afukuze wawili kwanza. Colenso aliuliza hao wawili na watoto wao wataenda wapi. Swali hilo bado lipo vijijini kwetu, na makanisa mengine ya magharibi mwa Kenya yalizaliwa kwa kulijibu kivingine.

Kazi ya kutafsiri haifanywi na mtu mmoja, hata kama jalada lina jina moja. Pembeni ya Colenso alikaa Mzulu aitwaye William Ngidi. Askofu alileta maana kutoka Kiebrania na Kiingereza, Ngidi akaileta kwa Kizulu ambacho Mzulu angekikubali. Walipofika kwenye habari za gharika, Ngidi akasimamisha kazi. Je, haya yote ni kweli? Wewe mwenyewe unaamini kwamba wanyama wote, wakubwa na wadogo, wa nchi za joto na za baridi, walikuja wawili wawili wakaingia safinani? Na Nuhu aliwakusanyia wote chakula, hata wale wanaokula nyama?

Kwenye shule ya Jumapili niliyokwenda nikiwa mdogo, na kanisa silitaji, mwenzetu mmoja aliuliza simba alikula nini mle ndani. Aliambiwa akae chini. Akakaa. Sote tuliohudhuria tulijifunza jambo siku ile, na halikuwa la simba.

Colenso naye angeweza kusema kaa chini. Alikuwa askofu, Mwingereza, na bosi. Lakini swali lilimbana mahali pawili. Kwanza, alikuwa amesoma jiolojia, na alijua habari za milima ya volkano iliyozimika huko Auvergne, Ufaransa, ambayo majivu yake mepesi bado yamekaa juu ya vilele. Gharika ya dunia nzima ingeyafagia yote. Pili, alikuwa mtu wa hesabu, na Ngidi alikuwa amemtolea swali la hesabu. Colenso aliandika baadaye kwamba hakuthubutu kusema uongo kwa jina la Mungu.

Hebu tulipige sisi wenyewe swali la Ngidi, kwa vipimo vilivyomo kwenye Mwanzo. Safina ilikuwa na urefu wa dhiraa 300, upana dhiraa 50, na ghorofa tatu. Dhiraa moja ni kama nusu mita kasoro kidogo, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Sakafu zote tatu zinakupa kama mita za mraba 9,400. Chukua uwanja wa mpira wa kawaida, kama ule wa Bukhungu: safina nzima haijazi viwanja viwili. Sasa ingia Msitu wa Kakamega. Msitu wetu huo mmoja una zaidi ya aina 300 za ndege, na hapo hujagusa mbega, nyoka, vipepeo na wadudu wasiohesabika. Weka na chakula chao cha zaidi ya mwaka mzima, kwa maana ndivyo tarehe zilizomo kwenye masimulizi yenyewe zinavyosema. Hapo hujavuka daraja la mto Yala, na dunia nzima inangoja zamu.

Colenso hakuishia kwenye safina. Alifungua vitabu vyote vitano vya Musa na kitabu cha Yoshua, akavisoma kama anavyosahihisha daftari la mwanafunzi. Mwaka 1862 akachapisha London sehemu ya kwanza ya uchunguzi wake, uliokuja kufika sehemu saba, ya mwisho mwaka 1879. Na hapa lugha yetu ina utani ambao Kiingereza hakina, maana idadi nyingi alizozishika zimo kwenye kitabu ambacho sisi tunakiita, bila kutabasamu, Hesabu.

Kitabu cha Hesabu kinasema wanaume wa kwenda vitani, wa miaka 20 na kuendelea, walikuwa 603,550. Colenso akasema sawa, tuikubali namba. Ukiongeza wanawake, watoto na wazee unapata watu zaidi ya milioni mbili jangwani. Kitabu kilekile kinasema wazaliwa wa kwanza wa kiume walikuwa 22,273. Gawanya 603,550 kwa 22,273, unapata 27, na hao ni wanaume wazima tu. Ukiweka na wavulana inavuka 40. Yaani kila mama wa Israeli alizaa, kwa wastani, zaidi ya wana 40 wa kiume, mabinti bado hawajahesabiwa.

Akaendelea. Imeandikwa kwamba mkutano wote ulikusanyika mbele ya mlango wa hema. Upana wa hema, kwa hesabu yake, ungetosha wanaume tisa bega kwa bega. Panga 603,550 kwa safu za tisa tisa, umpe kila mmoja nusu mita kasoro ya kusimama, na mstari unakuwa kilomita 30. Kwa sisi wa huku: kichwa cha foleni kipo mlangoni hapa Kakamega mjini, mkia unakaribia Mumias, na wa nyuma anatakiwa amsikie Musa bila kipaza sauti.

Halafu njiwa. Sheria ya Walawi inataka kila mwanamke aliyejifungua alete sadaka, na ndani yake ndege wa sadaka ya dhambi, ambaye kuhani humla mahali patakatifu. Colenso alichukua idadi ya watoto waliozaliwa London, jiji lililokuwa na watu wa kadiri hiyohiyo, akapata vizazi 264 kwa siku. Makuhani walikuwa watatu tu: Haruni na wanawe Eleazari na Ithamari. Basi 264 gawanya kwa 3. Kila kuhani anakula njiwa 88 kila siku ya Mungu, na jangwani hata sijui njiwa hao walitoka wapi.

Ninakiri ninaipenda hesabu hii ya njiwa kuliko zote. Ina sura ya swali la darasa la sita. Unaweza kuliona kabisa kwenye ubao: makuhani watatu wanakula njiwa 264, tafuta mgawo wa kila mmoja. Mwandishi wa vitabu vya shule alikuwa bado yuko kazini.

Tuwe waangalifu hapa. Colenso hakuacha imani, na hakusema Biblia haina neno la Mungu. Alisema tu kwamba masimulizi hayo si kumbukumbu ya aliyehesabu watu kwa macho, na kwamba Mungu haombi tumtetee kwa namba zisizotoka. Leo kuna makasisi wengi ambao wangemwambia hilo ni la kawaida. Mwaka 1862 halikuwa la kawaida. Maaskofu wengi wa Uingereza walimtaka ajiuzulu. Matthew Arnold, mshairi aliyekuwa pia mkaguzi wa shule, alimdhihaki kwa kuileta hesabu kwenye mambo ya roho. Vilabuni kukawa na mizaha kwamba askofu alikwenda kumbadili Mzulu, Mzulu akambadili askofu. Utani huo ulikuwa na sumu yake: aibu kubwa haikuwa swali, ilikuwa nani ameuliza.

Mwishoni mwa 1863 askofu wa Cape Town, Robert Gray, alimhukumu kwa uzushi na kumvua cheo. Colenso akakata rufaa, na mwaka 1865 Privy Council ya London ikaamua kwamba Gray hakuwa na mamlaka ya kisheria ya kumwondoa. Akarudi Natal, Gray akamtenga na kanisa, na Pietermaritzburg ikawa na Waanglikana wa pande mbili wasiosalimiana. Vurugu hiyo ilikuwa moja ya sababu za maaskofu wa Kianglikana wa dunia kuitwa Lambeth mwaka 1867 kwa mkutano wao wa kwanza. Mkutano huo upo hadi leo, na mwaka 2008 maaskofu wa Kenya waliususia kwa ugomvi mwingine kabisa. Kumbe hata chombo kile kimetokana, kwa kiasi fulani, na mtu mmoja aliyesimamisha kazi ya tafsiri kuuliza kuhusu chakula cha wanyama.

Na mtu huyo, ukifungua kitabu cha 1862, hana jina. Colenso anamtaja kama mwenyeji mmoja wa kawaida lakini mwenye akili, mtiifu kama mtoto na mwenye fikra za mtu mzima. Ninajua ilikuwa sifa kwa kipimo cha wakati ule. Bado inaniuma. Aliyekata rufaa hadi London kutetea jina lake hakuona vibaya kuliacha la mwenzake mlangoni. Nitampa haki yake pia: miaka miwili kabla, mwaka 1860, alikuwa amechapisha Ekukhanyeni masimulizi ya safari yao ya 1859 kwenda kwa mfalme Mpande, yaliyoandikwa na Wazulu watatu kwa Kizulu chao, na Ngidi mmoja wao, jina wazi. Kuandika safari aliruhusiwa kwa jina. Shaka ndiyo iliyokosa jina.

Kwetu huku mezani palikaliwa vilevile. Krapf alipoanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili Mombasa mwaka 1844, mwaka mmoja tu baada ya kitabu cha hesabu cha Colenso, alisaidiwa na Sheikh Ali bin Mueddin, msomi wa Kiislamu ambaye habari za Nuhu alizijua tangu utotoni kwa njia nyingine. Na hapa jirani, Maragoli, siku ambazo eneo lote liliitwa Kavirondo Kaskazini na kutawaliwa kutoka Kakamega, Mmarekani wa Quaker aitwaye Emory Rees alitafsiri Agano Jipya kwa Kilogooli pamoja na Joel Litu. Wazee wa Kiquaker wanamjua Litu. Vijana wenzangu niliowauliza, wote walimjua Rees kwanza.

Kama Colenso angeishia kwenye njiwa, ningemweka kwenye kabati la watu wa ajabu wa karne ile. Lakini mwaka 1873 serikali ya Natal ilimwita Langalibalele, chifu wa Wahlubi, kuhusu bunduki ambazo vijana wake walikuwa wamezipata kwa mshahara wa machimbo ya almasi na hawakuziandikisha. Hakwenda, alikimbia na watu wake kuvuka milima ya Drakensberg. Akakamatwa, akahukumiwa na mahakama ambayo gavana aliyekwisha kumlaumu hadharani ndiye aliyeketi kama hakimu, na kupelekwa Robben Island. Colenso mwanzoni aliiamini serikali. Kisha akaanza kukagua.

Langalibalele alisema aliogopa kuitika wito kwa sababu mwaka 1858 chifu mwingine, Matshana, aliitwa kwa mazungumzo na John Shepstone, watu wake wakaacha silaha, halafu Wazungu wakatoa bunduki zilizokuwa zimefichwa. Serikali ilikana. Colenso akawatafuta Waafrika waliokuwepo siku hiyo, akachukua maneno ya kila mmoja peke yake, akayalinganisha. Yakatoka. Theophilus Shepstone, ndugu yake John na mwenye kauli kuhusu mambo ya Waafrika wote wa Natal, alikuwa rafiki wa Colenso kwa karibu miaka 20. Urafiki ukafa hapo. Mwaka 1874 askofu alipanda meli kwenda London na karatasi zake, gavana akaitwa nyumbani, na Langalibalele akatolewa kisiwani ingawa hakurudishwa kwake. Waingereza walipoivamia nchi ya Wazulu Januari 1879, na walowezi wa Natal wakataka kisasi kwa kipigo cha Isandlwana, Colenso alihubiri akiuliza ni haki gani iliyowapeleka huko. Alikufa mwaka 1883, wazungu wengi wa mji wake hawamsalimu. Wazulu walimwita Sobantu, baba wa watu.

Katika kukusanya ushahidi ule, mkono wake wa kulia alikuwa Magema Fuze. Alifika Ekukhanyeni akiwa mtoto, akajifunza kupanga herufi za chuma, akawa mchapaji wa misheni, na alikuwa mmoja wa wale watatu wa safari ya 1859. Askofu alipokufa, Fuze aliendelea kuandika. Mwaka 1922, akiwa mzee, alitoa kitabu kuhusu watu weusi na walikotoka, kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha Mzulu kuchapishwa kwa Kizulu. Juu ya jalada kuna jina lake, Magema M. Fuze.